Maswali ya Wasomaji: Simu ya Mkononi na Mimea Inayojiotea Mjini

Toleo lililopita lilikuwa na makala fupi kuhusu mimea inayoota yenyewe katika nyufa za lami, kandokando ya mifereji na kwenye viwanja vilivyoachwa wazi, na tangu hapo barua nyingi zilizofika katika safu hii zimeuliza juu ya programu za simu zinazotaja jina la mmea kutokana na picha. Tumechagua barua tano ambazo, zikisomwa pamoja, zinagusa karibu kila jambo lililoulizwa na wengine.

Swali: Ndugu Mhariri, kuna gugu lenye maua madogo ya manjano lililoota kwenye ufa wa ukuta wetu. Nimelipiga picha mara tatu kwa siku tofauti, na programu ileile imenipa majina matatu, la mwisho likiwa na uhakika wa asilimia 87. Nishike lipi?

Jibu: Kwa sasa usishike lolote, lakini usiyafute, kwa maana huenda jina sahihi limo miongoni mwa hayo matatu. Programu ya aina hii ina mfumo wa akili unde uliofunzwa kwa mamilioni ya picha ambazo watu walikwisha kuzipa majina. Ukiuletea picha mpya, haupimi petali wala hauhesabu stameni, yaani vijiti vya chavua vilivyo ndani ya ua, kama afanyavyo mtaalamu wa mimea, bali hulinganisha rangi, maumbo na mpangilio wa nukta katika picha yako na yale uliyoyaona wakati wa mafunzo, kisha hupanga majina unayoyajua kuanzia lile linalofanana zaidi. Siku uliyopiga picha asubuhi ua likiwa wazi, na siku uliyopiga mchana ua likiwa limejifunga, wewe ulisimama mbele ya mmea mmoja, ilhali mfumo ulipokea picha mbili ambazo kwake hazina uhusiano wowote.

Ile asilimia 87 nayo inataka kusomwa kwa tahadhari. Kwa kawaida mfumo hugawanya alama zake zote miongoni mwa majina yaliyomo katika orodha yake tu, kwa hiyo mmea usiokuwamo hauambiwi kwamba haujulikani, bali hupewa jina la mmea mwingine unaofanana nao, tena pengine kwa asilimia kubwa. Orodha hizo ni ndefu lakini zina mapengo. Katika iNaturalist, kwa mfano, ambayo ni programu na tovuti ambamo watu huweka picha za viumbe ili vitajwe majina, spishi, yaani aina moja ya mmea, haiingizwi katika mafunzo mpaka iwe imekusanya picha zipatazo 100, na matokeo yake ni kwamba mimea inayopendeza macho na inayoota penye watumiaji wengi hutambuliwa vizuri, huku nyasi na vigugu visivyo na ua la kuvutia, ambavyo ndivyo hasa vinavyoijaza miji, vikibaki nyuma.

Maelezo yako hayatoshi kulitaja gugu lako, ila yananikumbusha mfano unaofaa. Miongoni mwa mimea yenye maua ya manjano inayopenda kuta na nyufa katika sehemu nyingi za dunia ni Sonchus oleraceus na Sonchus asper, spishi mbili za familia ya alizeti ambazo maua yake, yakitazamwa kwa mbele, yanafanana mno. Anayetaka kuzitenganisha huangalia kitako cha jani pale linapokumbatia shina: katika ile ya kwanza masikio ya jani yamechongoka, na katika ile ya pili yameviringana na kujikunja. Picha ya ua peke yake, hata ikipigwa kwa kamera bora kuliko zote, haina habari hiyo, na mfumo hauwezi kukupa jambo ambalo picha haikulibeba.

Kwa sababu hiyo, piga picha kadhaa za mmea uleule kwa wakati mmoja, nawe uanze na mmea mzima pale ulipoota. Fuatisha ua kwa mbele, kisha kwa ubavuni na kwa chini, kwa kuwa katika familia ya alizeti vijani vidogo vinavyolishika ua kutoka chini husaidia kutenganisha spishi nyingi. Piga pia jani pande zote mbili, mahali jani linapoungana na shina, na tunda au mbegu zikiwapo. Jaza fremu kwa kiungo unachokipiga, maana mifumo mingi huipunguza picha hadi nukta mia chache kwa kila upande kabla ya kuichunguza, na ua dogo lililo katikati ya ukuta mpana hupotelea katika upunguzaji huo. Simu ikishindwa kulenga kitu kilicho karibu, weka kiganja nyuma ya ua ili kamera ipate pa kushika, au rudi nyuma kidogo, upige, kisha uikate picha baadaye. Kivuli chepesi hufaa zaidi kuliko jua la utosini, ambalo huyageuza maua meupe na ya manjano kuwa mabaka yasiyo na umbo.

Yapo pia ambayo kamera haiyapati, nawe huna budi kuyaandika mara moja: harufu ya jani lililopondwa, shina kuwa na pembe nne au kuwa mviringo, na utomvu kuwa wa maji au wa maziwa. Unapojaribu hilo la mwisho tumia kijiti, wala si kidole, kwa kuwa maziwa ya mimea ya jenasi (kundi la spishi zilizo ndugu wa karibu) ya Euphorbia huwasha ngozi na yanaweza kuyadhuru macho vibaya.

Ukishakuwa na picha hizo na maandishi hayo, rudi kwenye majina yako matatu. Fungua maelezo ya kila moja katika kanzidata inayoaminika, kama vile Plants of the World Online ya bustani ya mimea ya Kew nchini Uingereza, utafute alama ambayo spishi moja inayo na nyingine haina, kisha uende ukutani kuitazama kwa macho yako. Ikiwa alama hiyo haionekani kwa sababu mmea haujatoa mbegu, kubali kuishia kwenye jenasi. Mtaalamu wa mimea anayeandika jina la jenasi peke yake huwa ametoa jibu kamili kwa ushahidi alio nao, na msomaji wetu hana sababu ya kuliona hilo kuwa upungufu.

Swali: Simu yangu ni ya zamani na mara nyingi sina bando la intaneti. Programu za kutambua mimea ni nyingi mno. Nianze na ipi?

Jibu: Kwa hali yako ningeanza na Seek, iliyotolewa mwaka 2018 na watu wa iNaturalist, kwa sababu mfumo wake wa utambuzi hukaa ndani ya simu yenyewe na hufanya kazi bila intaneti wala akaunti. Ukielekeza kamera kwenye mmea hukuonyesha ngazi iliyofikia, ikianzia kwenye kundi kubwa, ikashuka hadi familia, jenasi na mwishowe spishi. Inapokwama kwenye familia hukwama waziwazi mbele ya macho yako, na huo ni uaminifu ninaouthamini sana. Upungufu wake ni kwamba inahitaji nafasi ya kutosha katika simu, na kwamba jibu lake halipiti kwa binadamu yeyote wa kulihakiki.

Ikiwa unapata intaneti hata mara moja kwa wiki, unaweza kupiga picha kwa kamera ya kawaida ya simu na kuzipeleka baadaye. Washa tu kipimo cha mahali (GPS), ambacho hupokea mawimbi ya setilaiti na hakihitaji bando, ili kila picha ibaki na alama ya pale ilipopigwa. Kwa picha hizo ningekuelekeza Pl@ntNet, inayopatikana kwenye simu tangu mwaka 2013 na inayoendeshwa na taasisi nne za utafiti za Ufaransa, yaani Cirad, INRAE, Inria na IRD. Hiyo hukuuliza kama picha ni ya jani, ua, tunda au gome, hupokea picha kadhaa za mmea mmoja kwa pamoja, na hukuwekea picha za kiungo hichohicho kutoka kwa kila spishi inayopendekezwa ili ulinganishe mwenyewe, jambo ambalo humfundisha mtu kutazama. iNaturalist, iliyoanza mwaka 2008 kama kazi ya wanafunzi wa shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, nguvu yake kubwa ni watu: mapendekezo ya mfumo ni hatua ya kwanza tu, na baada ya hapo watumiaji wengine, baadhi yao wakiwa wataalamu wa kundi fulani la mimea, hutoa maoni yao juu ya picha yako.

Flora Incognita, iliyotengenezwa Ujerumani na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Ilmenau pamoja na Taasisi ya Max Planck iliyoko Jena, ilijengwa kwanza kwa mimea ya Ulaya ya Kati, na huko ni nzuri sana. Google Lens ni ya haraka, ila hutafuta katika picha za mtandao mzima, zikiwamo za wauza mbegu zilizoandikwa majina bila uangalifu. Zote nilizozitaja ni za bure, na sioni sababu ya mtu kulipia programu nyingine kila mwezi kabla ya kuzijaribu hizi.

Swali: Nyuma ya kituo cha mabasi kuna mmea ambao programu inasema asili yake ni bara lingine kabisa. Nikichagua mimea ya eneo langu tu, jina hilo linatoweka na kuletwa jingine lisilofanana. Je, programu imekosea?

Jibu: Huenda programu ilikuwa sahihi kabla hujaichuja. Mji hauna mimea ya mahali pake pekee. Mbegu huja na udongo wa vyungu, na nafaka zilizomwagika stesheni, na mchanga wa ujenzi, na matope ya magurudumu. Bustani nazo hutorosha mimea yake kila mwaka. Saruji na lami huhifadhi joto na kufanya mji uwe na joto zaidi kuliko mashamba yanayouzunguka, na hivyo mmea wa nchi yenye joto huweza kuishi mjini katika nchi ambayo nje ya mji ungekufa.

Mfano ulioandikwa vizuri kuliko mingi ni wa Senecio squalidus. Mmea huu una asili ya miteremko ya Mlima Etna huko Sicilia, ukapandwa katika bustani ya mimea ya Oxford, ukatoroka na kuota kwenye kuta za mji huo. Reli ilipofika Oxford mwaka 1844, mmea ulipata njia: kokoto na mabaki ya makaa ya mawe kando ya reli yalifanana na udongo wa volkano ulikotoka, na upepo wa treni ulizibeba mbegu zake zenye nywele, hata ukaenea katika miji mingi ya Uingereza. Hadithi haikuishia hapo. Ulichanganyika na ndugu yake Senecio vulgaris, ambaye ni mwenyeji, na mchanganyiko huo ukazaa spishi mpya, mojawapo ikiwa Senecio eboracensis, iliyogunduliwa mwaka 1979 karibu na stesheni ya treni ya York. Mtu aliyekuwa na orodha ya mimea ya zamani ya eneo hilo asingelipata jina hilo kamwe, kwa kuwa spishi hiyo ilikuwa imezaliwa hapohapo mjini.

Kichujio cha eneo basi kina faida na hasara, na ni vema kuzijua zote mbili. Programu hutumia rekodi zilizokwisha kukusanywa ili kukisia ni spishi zipi zinatarajiwa karibu nawe, na kwa mimea mingi kufanya hivyo huondoa majibu ya ajabu na kuongeza usahihi. Lakini mgeni aliyefika juzi hana rekodi, na mji ambao watu wachache wamepiga picha una rekodi chache hata za wenyeji. Ushauri wangu ni kuanza na kichujio kikiwa kimewashwa. Ikiwa hakuna pendekezo linalolingana na mmea unaoutazama, kizime na uulize tena, kisha ulithibitishe jina la mgeni huyo kwa ukali zaidi kuliko kawaida, kwa sababu rekodi ya kwanza ya mmea mgeni ni habari muhimu na kosa lake huenea mbali. Lantana camara, Tridax procumbens na Parthenium hysterophorus, inayojulikana pia kama gugu karoti, zote zilitoka Amerika na sasa ziko katika miji mingi ya nchi za joto. Popote zilipofika, kuna siku zilikuwa hazimo katika orodha.

Kuna mambo mengine mawili ya mjini yanayoivuruga mifumo hii. La kwanza ni mimea ya mapambo: wakulima wa maua wamezalisha maua yenye petali maradufu, majani yenye mabaka na rangi zisizokuwapo porini, na mfumo uliofunzwa kwa mimea ya porini haukuyaona hayo. Ikiwa mmea umepandwa na mtu, iNaturalist hutaka uutie alama kwamba umepandwa, ili usihesabiwe kuwa umejiotea. La pili ni majeraha. Gugu linalokatwa kila wiki au kukanyagwa kila siku hutoa ua likiwa na urefu wa kidole, ilhali kitabu kinasema hufika magotini, kwa hiyo usikatae jina kwa sababu ya kimo peke yake. Tafuta mmea mwenzake aliye pembeni, nyuma ya nguzo au chini ya uzio, ambako mashine ya kukata nyasi haifiki.

Swali: Programu imetambua mboga ya porini kwa asilimia 98. Je, naweza kuila? Na kama ni dawa?

Jibu: Hapana. Nakuomba ulichukue jibu hili kama lilivyo, kwa sababu hapa ndipo kosa dogo linapoweza kuondoa uhai.

Mmea wa sumu uitwao Conium maculatum huua kwa kupooza misuli ya kupumua, na majani yake machanga yanafanana na ya karoti mwitu, Daucus carota. Shina la karoti mwitu lina vinyweleo, na la mwenzake ni laini lenye mabaka ya zambarau, lakini mche mchanga huenda usionyeshe mabaka hayo, na picha iliyopigwa kutoka juu haionyeshi shina kabisa. Huko Ulaya watu wamekufa kwa kula majani ya Colchicum autumnale wakidhani ni kitunguu mwitu, Allium ursinum. Wachumaji hutegemea harufu, na hali baada ya kuchuma majani machache ya kitunguu mikono yenyewe hunuka kitunguu, na kila jani linaloshikwa baadaye huonekana kuwa ndilo. Programu haina pua, na hata wewe mwenye pua unaweza kudanganyika.

Hata jina likiwa sahihi bila shaka, mji una hatari yake. Udongo wa kando ya barabara na wa viwanja vya zamani vya viwanda mara nyingi una risasi na metali nyingine nzito, na mimea huweza kuzifyonza au kubeba vumbi lake. Pengine pia pamepuliziwa dawa ya kuua magugu ambayo haionekani kwa macho. Upande wa tiba, jina la spishi halikuambii kipimo, wala halikuambii kama mmea utapingana na dawa unazotumia. Mnanaha, yaani Datura stramonium, una atropini na skopolamini, ambazo hospitali huzitumia kwa vipimo vidogo mno, na kiasi cha sumu hizo hutofautiana kati ya mmea na mmea na kati ya kiungo na kiungo.

Mtu akishakula mmea wenye shaka, apelekwe hospitali mara moja pamoja na kipande cha mmea chenye majani na ua au tunda. Asisubiri programu imalize kutafuta.

Swali: Mimi ni mwalimu na nataka wanafunzi wangu warekodi mimea iliyo karibu na shule. Je, picha zao zitawafaa watafiti, na je, ni salama kuonyesha mahali walipo?

Jibu: Mwalimu, zitafaa, mradi kila rekodi iwe na tarehe, mahali na picha zinazoonyesha alama. Katika iNaturalist rekodi ya mmea uliojiotea hufikia kiwango cha utafiti pale watu wasiopungua wawili wanapoutaja kwa spishi na zaidi ya theluthi mbili ya waliotoa maoni wanapokubaliana. Hapo, ikiwa leseni ya mwenye rekodi inaruhusu, hupelekwa GBIF, mtandao wa kimataifa wa data za viumbe ulioanzishwa mwaka 2001 wenye sekretarieti yake Copenhagen, ambako watafiti huchukua rekodi hizo kuchunguza, kwa mfano, kasi ya kuenea kwa mimea vamizi. Waambie wanafunzi mapema kwamba rekodi nyingi za nyasi na ndago hazitafika kiwango hicho, kwa sababu utambuzi wake hutegemea sehemu ndogo za suke zinazotaka lenzi ya kukuzia, na kwamba hawapaswi kukubali jina lililopendekezwa na mwenzao ili tu rekodi ipande daraja. Maoni mawili ambayo yote yametoka kwenye pendekezo moja la mfumo hayana ushahidi zaidi ya pendekezo lenyewe.

Kuhusu usalama, tahadhari yako ni ya haki. Rekodi za mtoto mmoja zikiwekwa kwenye ramani kwa mwezi mzima huonyesha njia anayopita kwenda shule na nyumba anayorudi. Kwa walio chini ya miaka 13, ambao hawaruhusiwi kufungua akaunti ya iNaturalist bila idhini ya mzazi, tumia Seek, isiyodai akaunti. Kwa walio wakubwa, akaunti moja ya darasa unayoisimamia mwenyewe ni bora kuliko akaunti 40 zisizosimamiwa, nayo iwe na jina lisilotaja shule. Mahali pa rekodi panaweza pia kufichwa: ukichagua kupaficha, ramani huonyesha nukta iliyowekwa ovyo ndani ya eneo lenye upana wa kama kilomita 22 kila upande karibu na ikweta, ingawa kwa utafiti wa mtaa mmoja ukungu mpana hivyo huiondolea rekodi sehemu kubwa ya faida yake. Kwa hiyo mimea ya uwanja wa umma iacheni na mahali pake halisi, ya nyumbani kwa wanafunzi ifichwe au isipelekwe kabisa, na picha zote zikaguliwe nawe kabla ya kupandishwa, ili uso wa mtoto, sare yenye nembo au kibao cha shule kisibaki nyuma ya ua.